Hongera za Kila Ijumaa

Wanafunzi walimwita Mama Rangi, na jina hilo alilijua. Alilisikia mara ya kwanza akipanda ngazi, msichana mmoja akimwambia mwenzake, "Jana nimepigiwa na Mama Rangi, nimekwisha." Kugeuka wakamwona, wakanywea kama nguo zilizolowa. Yeye akawapita kana kwamba hakusikia kitu. Alipofika ofisini alicheka mpaka akafuta macho, kisha akatazama huku na huku amtafute wa kumsimulia. Hakuwepo mtu. Akawasha kompyuta.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, chumba chembamba kilichokuwa zamani stoo ya viti. Kazi yake ilikuwa kutazama rangi. Siku hizi masomo yote ya chuo yalipitia kwenye mtandao: maandishi ya mihadhara, sauti za wahadhiri, majaribio mafupi ya kila wiki, majadiliano, hata mahudhurio, maana mhadhiri alitaja namba fulani darasani na kila mwanafunzi akaiandika kwenye simu yake kuthibitisha kwamba yupo. Mfumo uliyakusanya hayo yote, ukapima nani anashiriki na nani amelala, ukampa kila mmoja rangi. Kijani ni aliyesimama imara. Njano ni anayeyumba. Nyekundu ni anayeelekea kuanguka. Kazi ya Mama Rangi ilikuwa kuwapigia simu wenye njano na nyekundu, kuwauliza kulikoni, na kuwaelekeza penye msaada.

Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana. Chuo kilipoyakabidhi mabweni kwa kampuni, wafanyakazi waligawanywa huku na kule, naye akapelekwa kwenye mafunzo mafupi, akarudi akiwa ofisa wa ufuatiliaji. Mwanzoni aliiogopa kompyuta. Fundi wa mfumo, kijana mcheshi aliyevaa sweta hata jua likiwaka, ndiye aliyemfundisha. "Bi mkubwa, haiumi hii," alimwambia. "Ukikosea unarudi nyuma, basi. Siyo kama ndoa."

Baadaye akaipenda. Na si kwamba aliipenda bure, kwa maana ilifanya kazi. Palikuwa na msichana aliyegeuka nyekundu ghafla katikati ya muhula. Kumpigia, kumbe simu yake imeibwa, na kwa aibu hakumwambia mtu. Alikuwa anakaa darasani akiona namba ya mahudhurio inatajwa na hana pa kuiandika. Wakamwazima kompyuta ya maktaba, akapona. Palikuwa na mwingine aliyekuwa hasikii vizuri sikio moja. Bwenini, Mama Rangi alikuwa akijua mambo kama haya baada ya mtu kulia chooni. Sasa aliyajua kabla.

Kila Ijumaa mfumo uliwatumia wenye kijani ujumbe wa pongezi. Maneno yale aliyatunga yeye. Mkurugenzi wa huduma za wanafunzi alitaka kitu chenye joto, kisicho cha kiofisi, na Mama Rangi alikaa nacho siku kadhaa, akikisema kwa sauti jikoni kwake huku akimenya vitunguu. Mwisho akaandika: "Hongera, mwanangu. Wiki hii umejitahidi, nasi tumekuona. Endelea hivyo hivyo." Mkurugenzi alikata neno "mwanangu", akasema linazidi. Mengine yakabaki.

Nyumbani aliishi peke yake, mwisho wa mtaa, nyuma ya karakana ya vioo. Mumewe hakuondoka kwa ugomvi. Alihamishwa kikazi, akawa anarudi kila mwezi, kisha kila sikukuu, kisha zikawa zinakuja salamu tu, na baadaye hata salamu zikakauka. Kwamba ana nyumba nyingine huko, hakuna aliyemwambia rasmi; alielewa kama mtu anavyoelewa kwamba mvua imekatika, kwa kuona kimya. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alikuwa ng'ambo na mkewe. Alituma picha za theluji na za sahani za chakula, naye Mama Rangi alijibu kila mara maneno yale yale: "Mzima kabisa, mwanangu. Msalimie mkwe wangu." Halafu aliweka simu kifudifudi juu ya meza, akala, akaosha sahani moja na kijiko kimoja.

Sasa, katika mwaka unaosimuliwa na hadithi hii, alikuwepo mwanafunzi wa upimaji wa ardhi ambaye wenzake walimwita Mrefu, na kwa haki, maana mlango wa ofisi ile alipita ameinama. Mwaka wa kwanza alikuwa kijani mfululizo. Mwaka wa pili, wiki chache baada ya muhula kuanza, akawa njano. Mama Rangi akampigia. Akajibu kwa adabu kwamba yuko sawa, amechoka kidogo tu. Wiki iliyofuata akawa nyekundu. Majaribio yake alikuwa anayafanya dakika za mwisho, majibu ya kubahatisha, na mengine hakuyagusa kabisa.

"Njoo ofisini mwanangu tuonane," Mama Rangi akamwambia kwenye simu. "Sikuli."

Alikuja mchana, akakaa, magoti yakagusa meza. Macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mama Rangi akamuuliza kama anaumwa, hapana. Kama nyumbani kuna shida, hapana. Kama kuna mwalimu anayemtesa, hapana. Kila swali lilirudi kama mpira uliogonga ukuta. Akaona ajaribu njia nyingine. Alitazama kwenye kompyuta yake, akamtafuta mwanafunzi aliyepangiwa chumba kimoja na Mrefu, wanaosoma kozi moja. Akamwona. Akafurahi.

"Mbona una bahati," alisema. "Mwenzako wa chumbani yuko vizuri sana. Kijani tangu muhula uanze, hajakosa hata jaribio moja. Mwambie akuvute mkono. Kaeni pamoja jioni, msome."

Mrefu alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akainamisha kichwa, na mabega yale mapana yakaanza kutikisika. Mama Rangi alinyanyuka, akafunga mlango, akarudi akasimama karibu naye bila kujua mikono yake aiweke wapi.

"Mama," Mrefu alisema alipoweza, "yule hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Hayupo chuoni. Aliondoka wiki ya pili. Ni mimi ndiye ninayemfanyia."

Yakamtoka yote. Mwenzake huyo walimwita Kinanda, kwa sababu hakunyamaza, kila saa anavumisha wimbo fulani puani, akitandika kitanda, akipiga mswaki, akipiga hesabu. Siku moja alimwambia Mrefu, "Niandikie na mimi namba ya mahudhurio leo, sijisikii kwenda." Akamwachia nenosiri lake. Kesho yake vivyo hivyo. Mwisho wa wiki akachukua mkoba mdogo, akasema anaenda kwa dada yake kupumzika, atarudi Jumatatu. Jumatatu hakurudi. Mrefu alimpigia, simu ikaita mpaka ikakata. Akamwandikia, ujumbe ukasomwa, usijibiwe.

"Nikasema nimshikie tu nafasi mpaka arudi," Mrefu alisema. "Akigeuka nyekundu mtampigia baba yake, na baba yake ni mkali, atamtoa chuo moja kwa moja. Kwa hiyo namwandikia mahudhurio. Nafanya jaribio lake kwanza, langu baadaye. Lake nalifanya vizuri kwa sababu yeye alikuwa anafanya vizuri. Langu nikifika nimeishiwa."

"Muda wote huu?"

"Muda wote." Akajifuta pua kwa mkono. "Na pia mama, usinicheke. Wakijua hayupo wataniletea mtu mwingine chumbani. Kile kitanda nimekitandika. Nikimwingiza kwenye mfumo, pale jina lake linapotokea juu kwamba yumo, naona kama ameingia chumbani."

Mama Rangi hakumcheka. Alitazama ile kijani kwenye kompyuta, wiki kwa wiki, safi kama majani baada ya mvua. Kanuni aliijua kwa moyo: kumfanyia mwingine jaribio ni udanganyifu, na ofisa anayegundua anapaswa kumwarifu mkuu wa idara siku hiyo hiyo.

"Utaniripoti?" Mrefu aliuliza.

"Nitakuripoti, mwanangu. Siwezi kukudanganya. Lakini kwanza nataka kujua huyu mwenzako yuko hai."

Alimpigia Kinanda kwa simu ya ofisi. Ikaita weee, ikakata. Akapiga kwa simu yake mwenyewe, vivyo hivyo. Akamwandikia: "Ni mama kutoka ofisi ya wanafunzi. Sina ubaya. Nataka tu kusikia sauti yako." Hakikuja kitu. Mrefu hakuwa na namba ya huyo dada, ila aliwahi kufika kwake siku moja, kwenye mji mwingine, nusu siku kwa basi. Anashona mapazia, alisema, duka lake liko nyuma ya uwanja wa mpira.

Jumamosi asubuhi wakapanda basi. Njia nzima hawakuzungumza sana. Mrefu alilala kichwa kikigonga kioo, na Mama Rangi akamwekea mtandio wake katikati ya kichwa na kioo, akakaa hivyo, akiona mashamba na vituo vya mafuta vinapita. Zilikuwa zimepita siku nyingi hajasafiri na mtu.

Duka lilikuwa dogo, limejaa mapazia yanayoning'inia kutoka juu mpaka chini, kiasi kwamba ulipoingia ulilazimika kuyapangua kama mtu anayepita kwenye mahindi. Dada yake Kinanda alikuwa nyuma ya cherehani, mwanamke wa miaka thelathini hivi, pini mdomoni. Alimtambua Mrefu, akatoa pini, akatabasamu.

"Shemeji, karibu. Na mama shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni wa chuoni kwao hawa."

Uso wa dada haukubadilika. Alivuta viti, akafuta vumbi la vitambaa. "Mmefanya vizuri kuja kumwona. Yuko chumba cha nyuma, anasoma. Au amelala, siku hizi anasoma amelala. Mambo yenu ya kusomea kwenye simu mama, mimi siyaelewi, lakini yamenisaidia, ninaye mdogo wangu hapa karibu. Mwanzoni nilimgombeza, nikamwambia wewe umetoroka shule. Ndiyo akanionyesha." Akachukua simu yake mwenyewe iliyokuwa juu ya cherehani, akatafuta, akampa Mama Rangi aisome. "Ananitumiaga na mimi niwe nazo. Kila Ijumaa."

Ulikuwa mstari mrefu wa ujumbe, mmoja chini ya mwingine, wote sawasawa. Hongera. Wiki hii umejitahidi, nasi tumekuona. Endelea hivyo hivyo.

Mama Rangi aliishika ile simu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alitamani kusema, maneno haya niliyaandika mimi, jikoni kwangu, lakini dada wa watu alikuwa anamtazama kwa heshima, akingoja asifiwe kwa kumlea mdogo wake.

"Naomba nimwone," alisema tu.

Chumba cha nyuma kilikuwa na mafurushi ya vitambaa mpaka darini, na kati ya mafurushi palikuwa na godoro. Kinanda alikuwa amelala amegeukia ukutani. Alipogeuka, Mrefu alirudi nyuma hatua moja, maana mwenzake alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetazama kitu kilicho mbali nyuma yako. Hakuvumisha wimbo wowote. Alikaa, akavuta shuka.

"Shikamoo," akamwambia mgeni.

"Marahaba, baba. Mimi ndiye niliyekupigia."

"Niliona namba ya chuo. Nikajua mmekosea."

"Kwa nini tukosee?"

Kinanda alimtazama Mrefu, kisha akamtazama Mama Rangi. Alizungumza polepole, kama mtu anayechota maji kwenye kisima kirefu. Alisema hakupatwa na jambo lolote. Hakufiwa, hakuachwa, hakufeli. Aliamka siku moja, akaenda mpaka mlango wa ukumbi wa mihadhara, akaona watu mamia wamekaa, miguu ikakataa kuingia. Akarudi kitandani. Kesho yake akafika nusu ya njia. Siku iliyofuata hakuvaa viatu. Akaja huku kwa dada, akijiambia kwamba wiki ile ile mtu wa chuo atapiga simu, maana wote wanajua ukikosa unapigiwa na Mama Rangi.

"Nilikuwa nimejipanga," alisema. "Nilijua nitakachomwambia. Nilikuwa nalala na simu kifuani. Ijumaa ikafika, ikalia. Nikafungua. Hongera, tumekuona."

Mbele dukani cherehani ilianza kukimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

"Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikafikiri ni hitilafu. Baadaye nikawa naisubiri tu nione kama kweli itakuja. Inakuja. Nikaona basi, hata nikipotea kabisa, Ijumaa itafika na nitapongezwa."

"Ni mimi," Mrefu alisema. "Ni mimi niliyekuwa nakuingiza. Kila siku. Nimefeli mimi ili wewe usifeli. Nilikushikia nafasi yako."

Kinanda hakukasirika kwa kelele. Pengine ingekuwa afadhali.

"Hukunishikia," alisema. "Uliikalia."

"Mbona hukupokea simu zangu? Nilikupigia mpaka nikaona haya. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, ungeniambia."

"Nilikuambia. Nilikuambia sijisikii. Ukasema utakuwa sawa, ukaniandikia namba."

Mrefu alitoka nje. Walimsikia akipangua mapazia kwa pupa, kisha mlango wa mbele ukagongwa. Mama Rangi hakumfuata. Alijishusha akakaa kwenye furushi, magoti yakimlia, akaamua kusema lile lililomkwama dukani.

"Ule ujumbe niliuandika mimi," alisema. "Na niliposema tumekuona, baba, sikuwa nimekuona. Nilikuwa naona rangi. Nisamehe."

Kinanda hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Aliuliza, "Kulikuwa na neno lingine pale mwanzo? Maana inaanza ghafla. Hongera, halafu kama pana pengo."

"Palikuwa na 'mwanangu'. Walilikata."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la hesabu ndogo iliyokuwa inamsumbua. Ilikuwa ndiyo mara pekee siku ile ambapo uso wake ulilegea.

Walimwambia dada yote. Alilia, kisha akakasirika, kwanza na mdogo wake, halafu na chuo, halafu na nafsi yake, akawa anarudia, "Nilikuwa hapa hapa mbele nashona." Mama Rangi alikaa naye mpaka akatulia. Wakakubaliana Jumatatu dada afunge duka, ampeleke Kinanda hospitali ya mji ule, kuna daktari wa mambo ya akili anayekuja, na Mama Rangi atashughulikia barua ya kuahirisha masomo ili nafasi isipotee. Baba ataarifiwa na dada mwenyewe, kwa wakati wake.

Wakati wa kurudi Mrefu alikaa kiti cha mbele kabisa, peke yake. Mama Rangi alikaa nyuma. Alitoa simu, akaanza kumwandikia mwanawe. Aliandika mengi, juu ya mapazia, juu ya kijana aliyelala na simu kifuani, juu ya nyumba ilivyo kimya Jumapili. Aliyasoma, yakamtia woga, akayafuta yote. Akaandika kwamba ni mzima kabisa, amsalimie mkwe wake. Jibu likaja papo hapo, kidole gumba kilichosimama.

Jumatatu aliandika ripoti. Hakuficha kitu, wala siku alizochelewa hakuzificha. Mkurugenzi alimwita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mikutano mingi.

"Kanuni inasema siku hiyo hiyo. Kwa nini ulingoja?"

"Nilitaka kumwona kwanza."

"Na ulipomwona, ulisaidia nini ambacho idara isingesaidia?"

Mama Rangi alifikiri kweli kweli, kwa sababu swali lilikuwa la haki. "Sijui," alisema.

Alipewa onyo la maandishi. Kabla hajatoka aliomba ule ujumbe wa Ijumaa usimamishwe. Mkurugenzi akamwita fundi wa mfumo, na fundi, bila mzaha safari hii, alieleza kwamba wanafunzi wanaopongezwa huingia kusoma zaidi wiki inayofuata. Hilo lilionekana wazi katika takwimu za mihula iliyopita. Wengi wanaupenda. Kuna wanaoutuma kwa wazazi wao.

"Najua wanautuma," Mama Rangi alisema.

Fundi alijikuna shingo. "Mfumo hauna macho, bi mkubwa. Una vidole tu. Unajua kitu kimeguswa, haujui nani kagusa."

Ujumbe ukaendelea, ila neno "tumekuona" liliondolewa kwa ombi lake. Fundi aliongeza pia alama ndogo ya tahadhari pale watu wawili wanapotumia simu moja. Naye Mama Rangi akaruhusiwa jambo moja: kila wiki, akishamaliza wenye nyekundu na njano, achague wachache wa kijani, bila sababu, awapigie. Mkurugenzi alisema ijaribiwe kwa muhula mmoja. Baadaye hakuna aliyekumbuka kuisimamisha.

Kazi hiyo mpya ilikuwa ngumu kuliko ile ya zamani. Mwenye nyekundu anajua kwa nini amepigiwa. Mwenye kijani anashtuka. "Nimekosea nini?" wengi waliuliza. Akisema hapana, napiga tu kukujulia hali, wengine walicheka, wengine wakakata simu wakidhani ni matapeli, na mvulana mmoja alimwambia kwa upole kwamba yuko darasani na kama kuna jambo la maana amwandikie. Mara chache sana mtu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Subiri mama, nitoke nje." Kwa hao wachache aliendelea.

Mrefu hakufukuzwa. Kamati ilimfutia matokeo ya muhula ule, ikamtaka aurudie. Aliletewa mwenzake mwingine chumbani, kijana wa udaktari wa mifugo anayelala mapema. Kinanda alikaa kwa dada yake karibu mwaka mzima, akitumia dawa, akimsaidia kupima na kukata vitambaa, kisha akarudi. Alikuja mwenyewe ofisini kusaini. Alikuwa amenenepa kidogo, amenyoa. Mama Rangi alimuuliza kama amemtafuta mwenzake.

"Tumesalimiana," alisema. "Yeye anasema yamekwisha, na mimi nasema yamekwisha." Akatazama kiatu chake. "Lakini hatujui pa kuanzia."

Hawakuwahi kukaa pamoja tena, ingawa muhula ule wa kurudia uliwaweka darasa moja. Mama Rangi aliwaona wakati wa mazoezi ya vitendo, chini, kwenye uwanja ulio nyuma ya maktaba. Alikuwa amesimama dirishani anakula mkate na maharage kwenye kopo. Wanafunzi walikuwa wametawanyika na vyombo vyao vya kupimia. Mrefu alikuwa ameinama kwenye darubini yake yenye miguu mitatu, na mbali, upande wa pili wa uwanja, mtu alimshikia mti wa kupimia. Alikuwa msichana mwenye kofia. Kinanda alikuwa kwenye kundi jingine, karibu na ukuta, anaandika vipimo wanavyomtajia wenzake. Mara moja kundi lake lilivuka mbele ya darubini ya Mrefu. Mrefu alinyanyua uso, akawangoja wapite, akainama tena.

Mama Rangi alisimama pale dirishani mpaka mwalimu wao alipowapeleka nyuma ya jengo, akawa haoni tena ila nyasi zilizokanyagwa. Akafunika kopo. Akakaa, akachagua jina katikati ya kijani, la msichana wa mwaka wa kwanza asiyemjua, akapiga. Iliita mara nyingi. Alikuwa anakaribia kukata ndipo sauti ndogo ikasema, "Haloo?"

"Haloo, mwanangu. Usiogope, hujakosea kitu," Mama Rangi alisema, akavuta kiti karibu na meza.